Ufunguo wa Meno Pande Mbili

Mmeniuliza sana. Kila Jumapili tukitoka ibadani, kikombe cha chai hakijafika mdomoni, mtu ananisogelea: Mzee Mwakio, Ujerumani ilikuwaje? Nami nimekuwa nikijibu "salama" kwa sauti ya kumfukuza mtu. Haikuwa salama. Sasa nimekaa nikaandika, kwa mkono huu ulioishia darasa la nne, na binti yangu Wakesho amepiga chapa. Nimemkataza kubadilisha neno. Someni, halafu msiniulize tena.

Mambo ya tiketi na pasipoti nayaruka, hayamsaidii mtu. Jambo la maana ni barua. Dada yangu Mghoi, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitano na kunibeba mgongoni kule Taita, anaishi Berlin tangu alipokwenda kusomea uuguzi. Aliniandikia mistari michache. Moyo wake umeharibika, Jumatatu asubuhi anaingia hospitali kupasuliwa, na daktari hakumficha kitu. Chini yake akaandika: "Nataka uje ule mezani kwangu kabla sijaingia. Usipokuja sasa, usije kunizika."

Hakuyaandika bure. Alipoolewa sikwenda. Mumewe alipofariki, miaka minne iliyopita, sikwenda. Yule mume alikuwa Mjerumani mbeba makaa. Enzi hizo Berlin nzima ilipasha nyumba joto kwa majiko ya makaa, na kazi yake ilikuwa kupandisha magunia ghorofani kwa watu. Mimi nilisema, na nilisema mbele ya watu, kwamba dada yangu muuguzi hawezi kuolewa na hamali. Jina lake halikutajwa nyumbani kwangu. Aliitwa yule Mjerumani, na watoto wangu wamekua wakimwita hivyo.

Sikumjulisha Dada kwamba nakuja. Wakesho alinisihi nimpigie simu kwanza, kwa Kiingereza chake kile cha hospitali, kana kwamba mimi ni mgonjwa wake. Nikamwambia mtu haombi miadi kwa dada yake. Unafika, unapiga hodi, unaingia. Hilo ndilo nililomwambia. Sikumwambia kwamba namba ya Dada niliifuta siku tuliyogombana juu ya mazishi, na kwamba bahasha zake nazitupa siku zote kwa sababu nyuma yake kuna stika yenye jina lile nisilolitaka. Nilinakili mtaa na namba ya nyumba kutoka juu ya barua, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Minneapolis hadi Chicago

Mnanijua mimi barabarani. Nilianza kwa kupiga deki ofisi za Plymouth alfajiri, nikapata vani moja, leo ziko sita, zinabeba wagonjwa wa figo kutoka Brooklyn Park hadi Woodbury, na hakuna mgonjwa aliyewahi kukosa mashine yake kwa sababu sikuiona nyumba. Dereva akiniambia amepotea, namwambia arudishe ufunguo.

Basi mtu kama huyo wakamfunga mkanda Ijumaa mchana ndani ya ndege, na ndege isiende popote. Theluji ilikuwa imeganda kwenye mabawa. Likaja gari la kunyunyizia dawa, likanyunyiza, likaondoka. Tukangoja zamu ya kuruka, theluji ikaganda tena, gari likarudi. Mara tatu. Karibu yangu alikaa bwana mmoja mnene anayeuza vipuri vya mashine za maziwa, akaniambia nitulie, hali ya hewa haina adabu. Nikamwambia ningeendesha vani hadi Chicago ningekuwa nimeshafika nusu. Akasema, "Lakini huwezi kuendesha hadi Ujerumani." Sikuzungumza naye tena.

Chicago ndege yangu ilikuwa imeondoka. Binti wa dirisha la tiketi akaniambia nyingine ni kesho yake jioni. Nikamweleza kwamba dada yangu anapasuliwa Jumatatu. Akasema pole, akaniomba nishushe sauti. Nikamwambia sauti yangu hii ndiyo iliyolea watoto wanne na haijawahi kushushwa. Akamwita mwenzake. Huyo naye akasema pole. Nchi hii watu wana pole nyingi na ndege chache.

Kutwa nzima ya Jumamosi nilikaa kwenye kiti cha chuma nikilinda sanduku. Ndani mlikuwa na sambusa arobaini za nyama ambazo Mama Wakesho alizikaanga na kuzifunga kwa karatasi ya fedha, unga wa mahindi tulionunua Cedar-Riverside, na kunde kavu. Njaa iliniuma hadi nikaona nyota, lakini sambusa sikuzigusa. Zilikuwa za Dada. Nilikula mkate wenye jani moja na kipande cha jibini kinachofanana na sabuni.

Chicago hadi Frankfurt

Hapa sina mengi. Nilikaa kati ya watu wawili waliolala tangu mwanzo hadi mwisho, mmoja kwenye bega langu.

Frankfurt, Jumapili asubuhi, ofisa wa forodha akauliza kama nina nyama. Mimi sidanganyi. Nikasema ninayo, tena nzuri, ya ng'ombe, na nikamfungulia aone. Alivaa glavu. Akazichukua sambusa arobaini, moja baada ya nyingine akizihesabu, akaziingiza kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Nikamuuliza kama atazila yeye na wenzake zamu ikiisha. Akasema zitachomwa. Nikamuuliza zimekosa nini. Akanionyesha bango lenye picha ya soseji iliyopigwa mstari mwekundu. Nikamwambia kwenye picha ile sioni sambusa.

Wakanirudishia unga na kunde. Kwa masaa mawili nilitembea na ile harufu ya sambusa mikononi.

Frankfurt hadi Berlin

Maisha yangu yote nimesikia kwamba Mjerumani ni saa. Treni itafika saa kamili, mlango utafunguka, utaingia. Nani alianzisha uwongo huo? Treni ilichelewa dakika arobaini, kisha ikaja kwenye njia nyingine, na watu wote, wazee na walemavu, tukakimbia ngazi. Nikapata kiti, nikakaa. Akaja bwana mmoja na miwani, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. Kumbe juu ya kila kiti kuna kioo kidogo cha umeme, na kikionyesha maandishi, kiti kina mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikamwambia kwetu aliyekaa ndiye mwenye kiti. Hakukasirika, hakuondoka. Alisimama tu akinitazama kama mtu anayengoja maji yachemke.

Aliyeniokoa ni mama mmoja nyuma yetu, Mkongomani wa Bukavu, aitwaye Mama Furaha, mpishi katika nyumba ya wazee huko Erfurt. Aliondoa koti lake kwenye kiti cha pili akanivuta mkono. "Papa, kuja hapa. Acha ule monsieur na kiti yake, atakufa nayo."

Alikuwa na mihogo ya kuchemsha na karanga ndani ya kopo la siagi. Tukala. Treni ikaenda saa moja, ikasimama katikati ya mashamba meupe, ikakaa. Sauti ikatangaza jambo. Hakuna aliyelalamika. Watu mia tano wamekaa kimya wakisoma, na mimi peke yangu nimesimama nikiuliza tatizo ni nini. Mama Furaha akanishika koti, akasema hapa wanakasirikia nyumbani.

Ndipo akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa dada yangu, kesho anapasuliwa, lazima nifike leo.

"Anakungojea kwa gare?"

"Stesheni? Hajui nakuja."

Alicheka hadi kopo likataka kumwanguka. "Na utafika namna gani, Papa?"

Nikamwonyesha karatasi. Mtaa huo, namba kumi na moja. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, kama mtu aliyepewa risiti pungufu. Akaniuliza jina liko wapi. Nikamwambia jina la nini, mimi simtafuti mtu nisiyemjua. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee wake wa Erfurt. Huku nyumba moja inakaa familia thelathini au arobaini, na vyumba havina namba. Hakuna chumba cha tatu wala cha ishirini. Kuna kengele, na kando ya kila kengele kuna jina la ukoo. Usipojua jina umesimama nje.

"Bwana wa dada yako ni nani?"

"Alikufa."

"Sikuuliza kama alikufa, Papa. Niliuliza jina."

Nikatazama dirishani. Nikamwambia nimeendesha watu miaka ishirini na mitano na sijawahi kukosa nyumba. Alipokuwa anashuka Erfurt aliniachia karanga zilizobaki na kuniambia nimtafute mtu mweusi yeyote mwenye simu, nimwombe msaada, maana simu yangu ilikuwa imekataa kufanya kazi tangu Frankfurt. Nilisema asante. Moyoni nilisema, mwanamke huyu anafikiri mimi ni mshamba.

Mtaa wenye namba za kichaa

Nilifika Berlin saa nane mchana badala ya saa sita. Teksi ilinishusha pembeni ya mtaa wa Dada, eneo la Wedding, kwa sababu barabara ilikuwa imechimbwa. Dereva akanyoosha mkono kwamba ni hapa hapa, akaondoka.

Nikatazama nyumba iliyokuwa mbele yangu. Mia moja na kumi na mbili. Iliyofuata, mia moja na kumi na moja. Halafu mia moja na kumi. Nikajua kazi ninayo, namba kumi na moja iko mbali, lakini angalau najua njia. Mnajua namba za nyumba zinavyokwenda Minneapolis: moja, tatu, tano upande huu, mbili, nne, sita upande ule. Mtu akishajua hilo hapotei. Namba zinapungua, nazifuata zinakopungua. Sikuwa na sababu ya kutazama ng'ambo.

Nilitembea. Sanduku lina magurudumu mawili, na njia yao ya miguu ni vijiwe vidogo vilivyopangwa kama meno. Gurudumu moja likafa kwenye namba tisini. Theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa barafu. Themanini. Sabini. Nikaona ajabu kwamba zinakuja moja moja bila kuruka, lakini nikasema hawa watu wana tabia zao. Sitini na moja, na mtaa ukaisha. Ukuta. Nyuma ya ukuta, reli.

Nilisimama pale nikitoka jasho kwenye baridi ile. Namba sitini nzima zimekwenda wapi? Nikageuka, na ng'ambo ya barabara, mbele ya ile sitini na moja, ilikuwa sitini. Kando yake hamsini na tisa. Zilikuwa zinarudi. Zilikuwa zinarudi kule kule nilikotoka!

Nilitamka maneno ambayo Wakesho amekataa kuyapiga chapa. Nikavuka, nikarudi na sanduku la gurudumu moja, nyumba moja moja, hamsini, arobaini, thelathini, hadi nikafika mbele ya namba kumi na moja. Nikageuza kichwa. Ng'ambo ilikuwa mia moja na kumi, na hatua chache mbele mia moja na kumi na mbili, mahali teksi iliponishusha. Dereva alikuwa amenionyesha kweli. Nimepoteza saa nzima kwa kujua.

Mlango

Ni mlango mkubwa wa mbao, wa kuingiza gari la farasi. Kando yake sahani ya shaba, kengele arobaini na moja, kila moja na jina. Ya Kijerumani, ya Kituruki, ya Kivietinamu, mengine sijui ya wapi. Nilisoma yote, kwa kidole. Nilitafuta Mghoi. Nikatafuta jina la baba yetu, ingawa nilijua halimo.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtu wa miaka sitini na tisa. Nina vani sita na watu kumi na mmoja wanaokula kwa jasho langu. Na nilisimama kwenye barafu ile nikiwa sijui jina la shemeji yangu. Si kwamba nililisahau. Nilikuwa nimelitupa kila lilipokuja, miaka thelathini na moja, pamoja na bahasha.

Nikabonyeza kengele ya kwanza. Haikujibu. Ya pili, sauti ya mwanamke ikanifokea. Nikabonyeza safu nzima, mkono mzima, kama mtu anayepiga kinanda. Dirisha la chini likafunguka, mzee mmoja mwembamba akatoa kichwa, akagonga saa yake ya mkononi na kusema neno moja mara tatu. Baadaye nilijifunza ni Jumapili. Huko Jumapili hakuna kupiga msumari, hakuna kufua, hakuna kusumbua kengele za watu. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba Jumapili naijua kuliko yeye. Akafunga dirisha.

Hapo hasira ilinipanda hadi nikapiga mlango teke. Nikaona tundu la ufunguo. Lilikuwa tundu refu la kizamani, la ajabu kidogo, lenye mkato juu na chini.

Nyinyi madereva wangu mnaujua ule ufunguo. Ule wa vani namba moja, usio na mahali pa kushika, meno upande huu na meno upande ule. Mmeuliza mara nyingi ni wa nini, nami nimewaambia ni ufunguo wa mjinga, nimetumiwa na Mjerumani mmoja asiyejua kutengeneza funguo. Mmecheka nami. Tumeufungulia makopo ya rangi. Ulikuja kwa posta mwaka Dada alipoolewa, na karatasi ya Kijerumani ambayo sikuomba nisomewe. Niliona ananidharau. Nikautia kwenye pete ya funguo ili niwe na kitu cha kumcheka.

Funguo zangu zote, na za vani namba moja, ziko kwenye pete moja, na pete ilikuwa mfukoni. Nikauchomoa ule, nikauingiza kwenye tundu kwa hasira tu, kama unavyompiga mtu na kitu kilicho karibu. Ukaingia. Nikazungusha. Mlango ukafunguka.

Nikavuta ufunguo. Haukutoka. Nikauzungusha huku, nikauzungusha kule, nikaegemeza mguu kwenye mlango nikavuta kwa mikono miwili. Nilikuwa bado navuta nilipomwona yule mzee wa dirishani amesimama kwenye njia ya ndani, viatu vya nyumbani miguuni, amejiandaa kugombana. Akautazama ufunguo. Mdomo wake ukafungwa. Akasogea, akaondoa mkono wangu bila jeuri, na kwa kidole gumba akausukuma ufunguo. Ukapita katikati ya mlango ukatokea upande wa ndani. Akaniingiza, akaingiza sanduku, akafunga, akazungusha upande wa ndani, na ufunguo ukatoka wenyewe mkononi mwake.

Akaniuliza kwa Kiingereza kibovu kama changu nimeutoa wapi. Nikasema kwa mume wa dada yangu; dada ni muuguzi, Mwafrika.

"Pohl," akasema.

Jina hilo nilikuwa nimelipita kwa kidole pale nje.

"Wewe ndiye wa Amerika," akasema. Akanirudishia ufunguo, akachukua mpini wa sanduku langu, na mzee mwenzangu yule akalivuta kupita uwanja wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu, majengo nyuma ya majengo. Akaninyooshea juu.

Hodi

Ghorofa nne, hakuna lifti. Mlangoni sahani ndogo: POHL. Nikapiga hodi. Nikasikia kandambili zikiburuzwa, zikasimama nyuma ya mlango. Zikakaa hapo.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni nani?"

"Mwakio, Dada. Fungua, nimechoka."

Akasema kwa Kitaita, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikusikia, "Unapiga hodi kwa nani?"

"Kwako."

"Mlango umeandikwa. Kwetu mtu hupiga hodi kwa mwenye nyumba. Piga hodi."

Sitawaficha. Nilikasirika. Sambusa zangu zimechomwa, gurudumu limevunjika, nimepanda ngazi zile na sanduku kichwani kama nilivyobeba maji utotoni, na mwanamke yupo hatua moja kutoka kwangu ananifanyia mtihani. Niliweka mguu kwenye ngazi ya kushuka. Nilifikiri kwamba nikishuka, kesho saa mbili watamlaza mezani pa kupasulia, na mlango huu nitakuwa nimeuona kwa nje tu.

"Hodi kwa Pohl," nikasema.

"Sikusikia."

"Hodi kwa shemeji yangu Pohl."

Kitasa kikalia. Alikuwa mdogo, amenyauka, macho ni yale yale. Hakunikumbatia. "Karibu. Vua viatu, hiyo sakafu aliipiga rangi yeye."

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Nikauliza anamngoja nani. Akasema, "Mjinga mmoja, tangu Ijumaa."

Hakuweza kusimama muda mrefu, kwa hiyo nilipika mimi, kunde na ugali, naye ameketi akinisahihisha. Akanicheka juu ya namba. Akasema Pohl alipenda kueleza mambo hayo kwa kila mgeni. Namba ziliwekwa zamani za wafalme wao: mhesabuji alianza mwanzo wa mtaa, akaenda hadi mwisho upande mmoja, akavuka, akarudi upande wa pili, kama mtu anayezunguka shamba. Mitaa ya baadaye ilibadilishwa, ya zamani ikaachwa. Viwanja vya ndani vilipimwa ili gari la zimamoto la farasi liweze kugeuka, si kwa ajili ya jua la mtu. Matajiri walikaa mbele, barabarani. Kila ukiingia uwanja wa nyuma zaidi unakuta maskini zaidi, na choo kimoja kwenye ngazi kwa familia nne. Uwanja wa tatu, ghorofa ya nne, ndipo makaa yalipokuwa mazito kuliko kote. Dada alimkuta Pohl hapo, kwenye ngazi, na gunia mgongoni.

"Na ufunguo?" nikauliza. Nikauweka mezani.

Akasema watu wa nyumba hizi walikuwa wakisahau kufunga mlango wa nje, ndipo fundi mmoja wa vitasa wa Berlin akaunda ufunguo unaomlazimisha mtu. Ukishafungua hautoki, mpaka uusukume ng'ambo, uingie, ufunge nyuma yako. Mtu hawezi kuingia akaacha wazi. Siku hizi umebaki kwenye nyumba chache. Makaa yalipokwisha Pohl aliajiriwa kuitunza nyumba hii, na kila mwaka wapangaji walimwomba kitasa cha kisasa. Kila mwaka alikataa. Walimwita mkaidi, wengine walimwandikia barua za hasira.

"Aliwaambia kuna mtu Amerika ana ufunguo," Dada akasema. "Akija, asikute mlango umebadilishwa."

Akauchukua ufunguo, akausogeza kwenye taa. "Hii rangi ya buluu kwenye meno ni ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia. Nikamwambia makopo, nikamwambia ufunguo wa mjinga, nikamwambia tulivyocheka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kuikwangua ile rangi kwa ukucha, polepole, kila jino, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Kula," akasema. "Kunde zinapoa."

Kurudi

Jumatatu asubuhi tulishuka pamoja, mimi nikitangulia ngazi kwa ngazi. Mlango wa nje nilifungua mimi, nikausukuma ufunguo kama nilivyofundishwa, tukatoka, nikafunga. Madaktari walikaa naye masaa sita. Aliamka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama nimefunga mlango.

Nilikaa naye wiki tatu. Yuko hai, anapanda ghorofa nne kwa kupumzika mara mbili, ananipigia kila Jumamosi, na namba yake sasa naijua kwa kichwa. Yule mzee wa dirishani aliniambia kitasa kitabadilishwa mwezi wa nne. Wapangaji wamekuwa wakidai tangu mazishi, na hakuna tena wa kuwakatalia. Ningekawia miezi miwili zaidi ningesimama pale na chuma kisichofungua kitu.

Kwa hiyo nina hasira bado, na mkiniona kimya kwenye chai mjue ni hiyo. Si ya ndege, si ya treni, si ya sambusa. Pohl alibeba makaa, mimi nilipiga deki vyoo vya Plymouth, na mimi ndiye niliyejiona mkubwa. Hakuna wa kumfokea isipokuwa mimi.

Madereva, jambo la mwisho. Ufunguo hauko tena kwenye pete ya vani namba moja. Umesafishwa, uko kwangu, na jina la mwenyewe ni Pohl. Atakayetaka kufungua kopo la rangi, bisibisi iko kwenye droo.